Zürich siku mbili bila kumaliza mfuko

Kaka, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kutembea Zürich, Uswisi, siku mbili bila kurudi na madeni. Mnaweza, ila mgahawani ndipo pesa inapoyeyuka. Mimi na mke wangu tulikaa mezani kuhudumiwa mara moja tu, na bili ilipofika tukatazamana. Baada ya hapo ilikuwa mkate, jibini na matunda ya supamaketi za Migros au Coop, tunakula kando ya ziwa. Maji msinunue kabisa: mji una chemchemi zaidi ya 1,200 za mitaani, nyingi maji yake yananyweka. Bebeni chupa.

Chukueni Zürich Card, kadi ya usafiri ya watalii, ya saa 24 au 72. Inalipia treni ya uwanja wa ndege, tramu, hata treni ya kupanda mlima Uetliberg. Huko nendeni jioni, mji wote na ziwa viko chini yenu. Lindenhof, kiwanja cha wazi chenye miti katikati ya mji, ni bure, na utakuta wazee wanacheza sataranji ya vinyago vikubwa.

Jumapili maduka mengi hufungwa, ila ya stesheni kuu huwa wazi. Na pesa yao ni faranga, si yuro.