Muwasho wa kinena: je, ni ugonjwa wa zinaa?

SWALI: Nina miaka 26, naendesha bodaboda. Nina miezi 2 nawashwa kinenani na ndani ya mapaja, hasa jioni nikivua suruali. Yametoka mabaka ya mviringo. Rafiki alinipa krimu, nikapata nafuu siku chache, nilipoacha yakarudi na kusambaa hadi makalioni. Mwezi uliopita nilitoka nje ya ndoa bila kondomu. Je, nimeambukizwa? – Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu yetu, maelezo yako yanaelekeza kwenye fangasi wa ngozi. Hupenda palipo na joto na jasho, na wewe unashinda juu ya kiti cha pikipiki. Angalia baka: likiwa na ukingo ulioinuka wenye magamba huku katikati pakianza kupona, na korodani zimesalimika, huyo ni fangasi. Muwasho unaozidi usiku na vipele vya vidoleni au uumeni ni upele wa wadudu (skabi), na hapo nyumba nzima hutibiwa siku moja.

Krimu ile tunaishuku sana. Nyingi zinazosifiwa mitaani zina betamethasoni au klobetasoli, dawa za kundi la steroidi. Hizo huzima muwasho, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, fangasi akasambaa kwa raha. Zikitumika muda mrefu kinenani, ngozi huwa nyembamba na kubaki na michirizi isiyofutika. Soma boksi, ukikuta majina hayo, acha.

Nunua krimu ya fangasi ya klotrimazoli ya asilimia 1, isiyochanganywa na kitu. Oga, jikaushe kabisa, kisha paka kiasi kidogo asubuhi na jioni, ukivuka ukingo wa baka kwa sentimita 2. Endelea wiki 2 hadi 4, na usiache kabla ya wiki 1 kupita tangu ngozi isafike. Wengi huacha muwasho unapoisha, ndiyo maana hurudi. Kagua pia vidole vya miguu. Kama kuna fangasi huko, tibu pamoja, na vaa soksi kabla ya boksa, maana boksa ikipita kwenye miguu hubeba fangasi hadi kinenani. Taulo liwe lako peke yako. Dettol, spiriti na limau huunguza tu.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya, upimwe na sukari.

Hata hivyo, fangasi haituambii lolote kuhusu usiku ule. Kapime VVU na kaswende sasa, kisha rudia VVU miezi 3 ikitimia tangu tendo, kwa kuwa kipimo cha mapema kinaweza kukosa maambukizi mapya. Kidonda, hata kisichouma, malengelenge, usaha, maumivu ya kukojoa au mitoki (tezi za kinena zilizovimba): nenda siku hiyohiyo. Mpaka majibu ya mwisho yatoke, tumia kondomu na mkeo. Ukishindwa kumweleza peke yako, mnasihi wa kituo anaweza kukaa nanyi wawili.