Buti Inafunguka, Alamu Inalia

SWALI: Fundi wetu, salaam aleikum. Mimi nauza leso Marikiti na nakaa Kisauni, gari yangu ni saluni ya Kijapani ina alamu yake ilokuja nayo. Juzi nimefungiwa ule mtambo wa rimoti wa kufungua buti, manake jioni mikono imejaa mafurushi. Sa nikibonyeza buti inafunguka vizuri lakini alamu inapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Fundi aliyenifungia asema dawa ni kukata waya wa swichi ya buti. Nimkubalie?
Mama Leso, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usimkubalie hata kidogo. Hio swichi ndo inayowasha taa ya buti, na kwenye gari nyingi ndo hio hio inayoiambia alamu kuwa buti iko wazi, ukiikata mwizi akivunja buti yako hapo Marikiti alamu itanyamaza kimya na leso zako zimeenda. Alamu yako haina ubovu wowote, inafanya kazi yake. Imeona buti limefunguka na hakuna aliyeizima, ule mtambo mpya haiujui kabisa.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni alamu izimwe kwanza, alafu buti lifunguke. Rahisi kabisa ni ubonyeze rimoti ya gari kufungua milango, kisha ile mpya. Ukitaka kitufe kimoja tu, kuna gari ambazo kitasa cha mlango wa dereva kina waya unaopeleka habari kwenye kompyuta ya gari kwamba mwenye ufunguo amefungua, na huo waya ukiguswa na athi (upande wa hasi wa betri) kidogo tu alamu inazima. Fundi autafute kwa mita na mchoro wa gari lako, asikisie, na mtambo uguse huo waya kwanza, buti lifuate baadaye kidogo, zikienda pamoja alamu inaweza kulia bado. Gari za karibuni nyingi hazina waya huo, mawasiliano yote ni ya kompyuta, hapo ndo ubaki na rimoti mbili.

Jambo la pili mwambie akuonyeshe rilei iko wapi (swichi ya umeme, umeme mdogo unawasha mkubwa), hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mitambo mingi imeungua. Waya wa buti unaotoka kwenye mtambo huwa mara nyingi ni wa athi na mdogo, kama nusu ampea hivi au chini, na mota ya buti inakula ampea kadhaa. Lazima rilei iwe katikati, na pini zake zimeandikwa namba: 85 ipokee athi ya mtambo, 86 na 30 zipate moto (chanya) wa betri kupitia fyuzi ya ampea 10 au 15 iliyo karibu na betri, na 87 iende kwenye mota. Kati ya 85 na 86, ndo kwenye koili ya rilei, weka diodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake uelekee 86, maana rilei ikizima inarusha umeme nyuma na kuua mtambo. Kama gari lako ni la livu na kamba kando ya kiti, hapo hakuna mota ya kuunga, itabidi pawekwe solenoidi (sumaku ya umeme) ya kuvuta kamba, na hio inataka umeme zaidi, basi fyuzi ifuate karatasi yake ya maelezo.

Viungo vilehemiwe, si kusokota na kuzungushia tepu, kwa chumvi ya hewa yetu hapa Mombasa waya inaoza kijani mapema. Na aangalie sana pale kwenye mpira unaopita bawaba ya buti, kila ukifungua waya zinakunjwa pale, nyingi hukatikia ndani na huoni kitu. Na waya zilizovikwa manjano asiziguse, ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu gari likigonga.

Mkimaliza, jaribuni vioo vikiwa chini na ufunguo ukiwa mkononi mwako. Funga gari kwa rimoti yake, ngoja alamu ijiweke, ufungue buti kwa rimoti mpya, kisha ufunge tena na ufungue kwa ufunguo wa chuma. Ufunguo huo usiutupe ndani ya buti, betri ikifa ndo utakaoutegemea.