Mwanao Anapokataa Kuandikisha Jina Lake: Ushauri kwa Familia za Watanzania Wapya

Mwaka 2015, wakati wapiga kura walipokuwa wakiandikishwa kwa mashine za alama za vidole, mdogo wangu wa mwisho alikataa katakata kwenda kituoni. Alikuwa na umri wa miaka 19, amezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi magharibi mwa Tanzania, amesoma Katumba, na Burundi hajaiona hata siku moja. Hati za uraia zilianza kugawiwa Oktoba 2014, na zetu zilikuwa ndani ya sanduku la mama, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni ili zisipate unyevu. Nilimgombeza. Nilikuwa mwalimu wa somo la Uraia, somo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa miaka kadhaa nikiwa mwenyewe si raia, na niliona aibu kwamba nyumbani kwangu kuna kijana asiyejali kupiga kura. Miezi mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba mdogo wangu alijali sana, na kwamba kukataa kwake kulianza miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kwa wasiofahamu historia yetu, wazazi wetu walikimbia Burundi kufuatia mauaji yaliyoanza Aprili 1972. Tanzania iliwapokea, ikawapa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na mwaka 1978 Mishamo, haya mawili yakiwa katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walifyeka pori, wakalima mihogo, mahindi na maharage, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili kwa mtaala uleule wa watoto wengine wa nchi hii. Hata hivyo makazi yaliendeshwa na mkuu wa makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na aliyetaka kusafiri alihitaji kibali. Mtoto aliweza kukariri wimbo wa Taifa asubuhi na jioni akamwona baba yake akiomba karatasi ya kumruhusu kwenda kumwona ndugu mgonjwa wilaya nyingine.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Nilipomwuliza mama kwa nini hakumhimiza, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka 43 hakuwa amelieleza kwa yeyote kati ya watoto wake. Babu yetu alikuwa mwalimu. Mwaka 1972 walimu, wanafunzi na Wahutu wengine waliokuwa wamesoma walikuwa wakiitwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye orodha, na wengi walioitikia hawakurudi. Jina la babu lilisomwa. Mama alikuwa msichana wa miaka 11. Tangu hapo kila afisa aliyekuja na karatasi na kalamu, hata aliyekuja kwa wema kuhesabu kaya za kugawiwa mbegu, alimfanya mama atokwe na jasho. Hakutufundisha kuogopa orodha. Hakusema neno. Sisi tulimwona tu anavyobadilika uso, na kwa mtoto hilo ni somo tosha.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ule ninaouamini kuliko mwingine wowote, ni kwamba usianze na haki na wajibu. Anza na hadithi. Kijana wa familia ya wahamiaji anapokwepa uandikishaji, mikutano au hata kutaja jina lake kamili, tafuta kwanza ni tukio gani nyumbani limemfundisha kwamba kuonekana ni hatari. Mwombe mzee aliyeliona tukio hilo alisimulie mwenyewe, kwa lugha yake, kwa kiasi anachoweza, bila kumharakisha na bila kumrekodi kwa simu. Sisi tulikaa jioni tatu. Jioni ya kwanza mama alisema machache sana. Ya tatu, mdogo wangu ndiye aliyeuliza swali: je, orodha ya sasa inatofautianaje na ile? Nilifurahi kulijibu, kwa sababu lina jibu la kweli: orodha hii inabandikwa hadharani, unaruhusiwa kuikagua, na ukikuta kosa una haki ya kudai lirekebishwe. Mwalimu anayelijibu swali hilo kabla halijaulizwa anaongea peke yake. Nilifanya hivyo darasani kwa miaka mingi, na nawaomba radhi wanafunzi wangu wa wakati huo.

Jambo la pili linahusu kumlazimisha kijana achague upande. Mtaalamu wa saikolojia John Berry ameeleza kwamba mhamiaji anakabiliwa na maswali mawili kwa wakati mmoja: je, nidumishe asili yangu, na je, nishiriki maisha ya jamii iliyonipokea? Anayekubali yote mawili huchangamana, anayeacha asili humezwa, anayekataa wenyeji hujitenga, na anayepoteza pande zote mbili hubaki pembezoni. Yeye na wenzake walichunguza vijana wa familia za wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa ujumla vijana waliochangamana walikuwa na hali bora zaidi, kihisia na kimaisha. Hakuna nchi ya Afrika kati ya hizo 13, na kwetu mambo yana sura yake: mgeni na mwenyeji hawatofautiani kwa rangi, na Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi kwamba Mrundi aliyeko Kigoma mjini anaweza kupita kama Muha akitaka. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980, aliona jambo hilohilo. Watu wa Mishamo, waliokaa pamoja kwenye makazi, waliishikilia historia yao kama watu walio uhamishoni, ilhali waliokaa Kigoma mjini walijichanganya na wengine na wengi wao hawakupenda kutambulika kama wakimbizi.

Kuficha kunalinda, nakiri. Mjomba wangu aliishi mjini kwa jina la kuazima na akasomesha watoto wanne. Ila nimeona gharama yake kwa vijana: mtu anayeogopa kuulizwa ametoka wapi hawezi kusimama mkutanoni kuuliza fedha za mchango zimekwenda wapi. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, zungumzeni Kirundi nyumbani bila kuona haya, na msimwambie mtoto kwamba akishakuwa Mtanzania kamili ataiacha lugha ya bibi yake. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wazazi wetu waliukana ule wa Burundi ili wapate huu. Lugha, majina na namna ya kuomboleza hakuna sheria iliyotaka yakanwe.

Neno «mkimbizi» likitumika kama tusi, lisipuuzwe. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mdogo wangu aliambiwa mbele ya foleni kwamba wakimbizi wasubiri wenzao wamalize. Alirudi nyumbani akasema, «Mnaona?» Tulikwenda naye kesho yake, watu watatu, na hati mkononi, tukaomba kwa adabu kuhudumiwa kwa zamu yetu, na tukahudumiwa. Hatukupata neno la kuombwa radhi. Lakini kijana aliona kwamba dharau inaweza kujibiwa, na kwamba hayuko peke yake anapoijibu.

Yapo pia majeraha ya uamuzi unaobadilika. Watu wapatao 162,000 walikuwa wamekubaliwa uraia kufikia mwaka 2010, kisha wakaambiwa utakamilika wakishahama makazi na kutawanyika katika mikoa mingine. Miaka ikapita. Mtu hajengi nyumba ya tofali za kuchoma mahali anapoambiwa atapaacha, na wala hagombei uongozi hapo. Sharti hilo liliondolewa baadaye, hati zikatolewa, lakini vijana waliokua katika miaka ile ya kungoja walijifunza kutopanga. Nikimsikia mtu akiwaita wavivu huwa najiuliza kama anakumbuka hilo.

Kilichombadilisha mdogo wangu hakikuwa hotuba yangu yoyote. Kisima cha pampu katika kitongoji chetu kiliharibika, na kamati ya maji ikakosa mtu wa kuandika michango ya vipuri. Mzee mmoja alimtaja yeye kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kazi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kweli: asipoandika vizuri, watu hawapati maji. Alifanya kazi hiyo pamoja na kijana wa familia ya Kifipa ambaye hawakuwa wamewahi kusalimiana naye, wote wawili wakiwa na cheo kimoja na shida moja. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba chuki hupungua watu wanapokutana wakiwa sawa, kwa lengo moja, huku uongozi ukiwaunga mkono. Kisimani nililiona hilo kwa macho yangu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, kijana huyu alianza kuuhudhuria kwa sababu alikuwa na taarifa ya kusoma. Mpeni kijana taarifa ya kusoma, ufunguo wa kutunza au fedha kidogo za kuhesabu mbele za watu, hata kabla hajawa na msimamo wowote juu ya siasa.

Alijiandikisha baadaye, bila kutuambia. Jambo ninalolikumbuka zaidi lilitokea jioni moja alipokuwa amefungua daftari la michango mezani. Mama aliomba aonyeshwe mstari wenye jina lake. Alilitazama kwa muda, kisha akamwambia mwanawe alifute lile jina la Kiswahili alilolitumia tangu tulipokuwa wadogo, na akamtajia herufi moja moja jina la Kirundi alilopewa na babu.