Lugha mbili si akili mbili

Binamu, umeniuliza kama ukija huku ughaibuni na wanao uache kuzungumza nao Kiswahili, wasije wakachanganyikiwa darasani. Dada naye kadakia kwamba amesikia watoto wa lugha mbili huwa na akili kuliko wenzao. Nawajibu wote wawili, na siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Usiache. Hofu ya kuchanganyikiwa ni ya tangu enzi za babu zetu, ila mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walitoa utafiti waliowapima akili watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, na waliomudu Kifaransa na Kiingereza waliwazidi wa lugha moja. Dada, usishangilie bado. Tafiti nyingi za baadaye zimeitafuta hiyo akili ya ziada zisiione. Wangu mimi ni wa kawaida tu; soksi ziko mbele ya macho yao na bado wanazitafuta.

Kinachobadilika ni kingine. Mwanangu mkubwa nikimuuliza kwa Kiswahili shuleni kulikuwaje, hujibu "salama", basi. Nikimuuliza kwa lugha ya huko shuleni, anamwaga yote: nani kagombana na nani, mwalimu kasema nini. Wanasaikolojia Viorica Marian na Ulric Neisser walilieleza jambo hilo mwaka 2000 kwa Warusi wanaoishi Marekani: wakihojiwa kwa Kirusi walikumbuka zaidi yaliyowapata walipokuwa wakizungumza Kirusi, na kwa Kiingereza vivyo hivyo. Hata hesabu. Nikimpa 7 mara 8 kwa Kiswahili, midomo inachezacheza kimya kwa lugha ya darasani, ndipo jibu linatoka kwa Kiswahili. Hajakwama, ameenda kukichukua kitu pale kilipowekwa.

Sasa lile ambalo wengi wetu hatulisemi tukipiga simu nyumbani. Mzazi anarudi kazini hoi, mtoto anamjibu kwa lugha ya shule, naye anaona liwalo na liwe, anamfuata huko huko. Baada ya muda anamkanya mwanawe kwa lugha aliyojifunza ukubwani, maneno ya kuokoteza, na mtoto ndiye anayemsahihisha. Hapo utamkanya nini akusikie?

Tena mtoto anageuka mkalimani. Barua zote anasoma yeye, pamoja na ile ya mwalimu inayomlalamikia yeye mwenyewe (tafsiri yake huwa fupi ajabu). Mtacheka, lakini ndipo anapong'amua mapema kwamba huyu hajui ninachokijua, na yule anataka kuambiwa kwa namna hii. Anakuwa mwepesi wa kuwasoma watu. Ila anabeba pia ya wakubwa, na kumpa mama yake majibu ya daktari si kazi ya mtoto. Ukifika, mambo ya hospitali omba mkalimani mtu mzima, hata kama mwanao anajua kila neno.