Maswali na Majibu: Kijana wa Miaka 15 Anaitwa Mererani

SWALI: Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, na ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka 15, aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Kaka yangu, mchimbaji wa tanzanite huko Mererani, anataka kumchukua akisema kwamba kijana hatashuka shimoni, bali atachekecha mchanga juu, na mawe yakitoka atapata mgawo wake. Je, sheria inaruhusu?

JIBU: Hairuhusu, mama, na hiyo "kazi ya juu" haibadilishi kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo, lakini inakataza asiyetimiza miaka 18 kuajiriwa mgodini. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataja uchimbaji wa madini miongoni mwa kazi hatarishi. Vumbi la miamba, ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu yasipone tena, humfikia pia anayechekecha. Isitoshe, anayeanza juu haachwi juu: mwili mdogo hupenya palipo pembamba, na ndiyo sababu watoto waliotumwa mashimoni huko wakaitwa "nyoka". Mvua za Aprili 1998 zilipojaza mashimo ya Mererani, makumi ya wachimbaji walikufa humo.

Kuhusu mgawo, ningemwomba kaka yako aseme wazi. Wanaapolo wengi, yaani vibarua wa mashimo hayo, hawana mshahara. Hula chakula cha mwenye mgodi na kusubiri jiwe ambalo huenda lisionekane miezi mingi. Nadhani atamtaja Saniniu Laizer, aliyeuza mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 mwaka 2020. Laizer alikuwa mwenye mgodi, hakuwa mchekechaji.

Mrudisheni kijana shuleni, wala msikawie. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za Serikali haina ada tangu 2016, na mwaka 2021 Serikali iliwafungulia mlango walioacha masomo. Akikataa kabisa darasa, ulizeni nafasi za ufundi katika chuo cha VETA, Chang'ombe. Kaka yako akishikilia msimamo wake, mwone ofisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Temeke, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi gharama.