Sehemu ya tatu ndipo jini anapojulikana

Mwaka juzi niliandika mswada wa tamthilia ya vijana: msichana wa kidato cha tatu anapandisha mashetani bwenini. Sehemu mbili za kwanza zilinitoka kwa kasi. Umeme umekatika, wanafunzi wanapiga mayowe, mwalimu wa zamu anakimbia na tochi. Sehemu ya tatu ikanigomea. Nikaongeza jini wa pili, nikaongeza mganga. Mtayarishaji niliyempelekea akanirudishia, akasema haoni sababu ya kuendelea kusoma. Iliniuma sana, lakini alisema kweli.

Nikarudi kwa Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya Marekani iliyoanza Machi 1997, nikaitazama upya daftari likiwa mkononi. Sehemu mbili za mwanzo zinaweka msingi: mji wa Sunnydale huko California, mdomo wa kuzimu chini ya mji huo, mkutubi Giles anayejua siri, na Buffy, binti wa miaka 16 aliyepewa jukumu la kuua wanyonya damu.

Sehemu ya tatu, "Witch", haina mnyonya damu hata mmoja. Wasichana wanagombea nafasi kwenye kikundi cha washangiliaji, wale wanaocheza na kuruka kuitia moyo timu ya shule. Mmoja anawaka moto mikononi. Mwingine, Cordelia, anapofuka akiwa kwenye usukani, anajifunza udereva. Shaka inamwangukia Amy, ambaye mama yake alikuwa nyota wa washangiliaji enzi zake. Kumbe aliye ndani ya mwili wa Amy ni huyo mama. Ameuchukua ili aishi ujana mara ya pili, na binti amebaki nyumbani akiwa na mwili wa mama.

Hapo nilisimamisha, nikakaa muda mrefu. Nimekua nikimwona mama wa jirani akimsukuma bintiye kwenye uuguzi kwa kuwa yeye aliukosa. Hakuna aliyeita uchawi. Na waandishi hawakuishia hapo: katika sehemu hiyohiyo wakamweka Joyce, mama yake Buffy, asiyemwelewa mwanawe, ila mwishoni anakiri kwamba asingetaka kurudia miaka 16. Mama wawili, jeraha moja, njia mbili.

Tangu hapo kila balaa lina mlango wa nyumbani. Kabla msimu wa kwanza haujaisha, msichana asiyeangaliwa na mtu shuleni anakuwa haonekani kabisa. Msimu wa pili, mpenzi wa Buffy, mnyonya damu aliyerudishiwa roho ya utu, anaipoteza roho hiyo na kugeuka katili baada ya usiku wao wa kwanza.

Kwa hiyo ukiandika, usiulize jini wako ana nguvu gani. Uliza nani nyumbani alimfungulia. Jibu hilo litoke mapema, kabla mtazamaji hajazoea mayowe.

Nilifuta mganga. Msichana wangu sasa amepewa jina la dada yake aliyefariki, anavaa sare zake, na wazazi wanamlilia marehemu wakimwangalia yeye. Sauti inayopanda usiku ni yake mwenyewe, inadai jina.

Jambo la mwisho: acha kitu wazi. Yule mama mchawi anaishia amefungiwa ndani ya sanamu ya tuzo yake ya ushangiliaji, macho yakionekana, na msimu uliofuata mhusika mwingine anapita na kusema macho yale yanamfuata. Mimi nimeacha sare ya marehemu kwenye kamba ya bweni. Bado sijaamua nani ataianua.