Gombo la ndege na maua halitundikwi ukutani

Ndugu, umeeleza kwamba umenunua gombo refu la Kijapani lenye ndege na maua yaliyochorwa kwa wino mweusi, nawe unauliza kama ulikunjue lote na kulitundika ukutani. Ningekushauri usifanye hivyo. Gombo la kutundikwa huitwa kakemono. Lako ni makimono, ambalo hutazamwa mezani kutoka kulia kwenda kushoto, kipande kisichozidi sana upana wa mabega kwa wakati mmoja, huku sehemu iliyokwisha kutazamwa ikiviringishwa upya, hata ndege aliyetua tawini atoweke ua jingine linapojitokeza. Raha yake iko hapo, na fremu huiua.

Wino wenyewe, sumi, ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, na haufifii kwa urahisi. Kinachochakaa ni karatasi au hariri, ambayo mwanga huigeuza manjano na unyevu huiotesha kuvu. Kwa hiyo nawa mikono na uikaushe kabisa kabla ya kuligusa. Mpasuko usiuzibe kwa selotepu kamwe. Mwachie fundi wa kuhifadhi karatasi. Ukimaliza, liviringishe bila kulikaza, kisha liweke katika sanduku la mbao. Wajapani hupendelea mti mwepesi uitwao kiri.